Viboko vya Moyoni

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa wengi kuliko busara zao, palikuwa na mji uitwao Ndarama, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghaithi. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Alikuwa mwoga tu, na mtu mwoga akishapewa kiti na askari, hofu yake huwa mzigo wa watu wote. Basi Sultani huyu alikuwa na maradhi mamoja: alitaka kujua watu wanamwazia nini. Akiamkiwa, hujiuliza kama ameamkiwa kwa moyo au kwa mdomo. Akichekewa, hutaka kujua anachekwa yeye au linachekwa neno lake. Usiku hulala akigeuka, asubuhi huamka amenuna.

Maradhi ya namna hiyo hayakosi mganga, na mganga akaja mwenyewe kwa miguu yake. Alikuwa mgeni, jina lake Zubeiri Maktumu, mtu mwenye ndevu za hina na kilemba kikubwa mno kwa kichwa kile, naye akajiita Msoma Nyoyo. Alidai kwamba kilichomo kifuani mwa mtu yeye hukiona kama uonavyo wali ndani ya sahani. Siku ya kwanza alipopelekwa barazani alimtazama Sultani kitambo kirefu, akafumba macho, akashusha pumzi, akanena kwamba moyoni mwa Sultani mna jambo linalomkosesha usingizi, nalo lamhusu mtu wa karibu, wala jambo hilo hajamwambia mtu. Sultani akasema wallahi ni kweli.

Sasa nakuuliza wewe unayenisikiliza, ni nani duniani, mwenye mke au ndugu au jirani, asiyekuwa na jambo la namna hiyo? Hata punda wa mchota maji analo. Lakini mawaziri wote walitikisa vichwa, wakasema elimu kama hii haijapata kuonekana, na yule asiyeamini hata kidogo ndiye aliyetikisa kichwa zaidi, kwa kuogopa asije akasomwa. Wakamvika yule bwana kilemba cha ukoka juu ya kile alichokuja nacho, na Sultani akamketisha mkono wake wa kuume.

Haukupita muda ikatoka amri kwamba wazo baya ni sawasawa na tendo baya. Mtu akionekana anaiba moyoni, ameiba. Akionekana anamtukana Sultani moyoni, ametukana. Adhabu yake ni kuchapwa viboko mbele ya baraza mpaka mchapaji achoke, na nyumba yake ichukuliwe. Na kwa kuwa kusoma nyoyo ni kazi nzito ya kuumiza kichwa, nyumba hizo akawa anapewa Msoma Nyoyo, apate pa kupumzikia. Alipumzika katika nyumba nyingi, maskini.

Uzuri wa elimu yake ni kwamba haikuwa na namna ya kukosea. Mtu akikiri, imethibiti. Akikana, basi anaficha, na kule kuficha kumethibitisha zaidi. Kadhi wa mji, mzee aliyeinamia vitabu hata mgongo ukapinda, aliisikia hoja hiyo kwa masikio yake, akaijua kuwa ni upuuzi, akanywa kahawa yake akanyamaza, maana naye alikuwa na nyumba.

Na watu wa Ndarama je? Wao walifanya vituko ambavyo nikivisimulia sijui nicheke au nione haya. Waliambizana kwamba jicho la Msoma Nyoyo hupenya kifuani, basi dawa yake ni kuziba kifua. Wanaume wakavaa vizibao viwili viwili katika jua la mchana, na wengine wakajifunga vipande vya mkeka ndani ya kanzu, wakawa wanapita njiani wamekakamaa, jasho likiwatiririka. Wanawake wakaenda sokoni wamekumbatia masinia ya shaba. Wako ambao wakitoka nyumbani huimba moyoni nyimbo za kubembelezea watoto, ili atakayewasoma asikute kitu humo. Lakini hapana aliyesimama akajiuliza kwa nini wazo baya halionekani ila katika moyo wa mtu mwenye nyumba nzuri.

Aliyekuwa akipita kifua wazi ni mmoja tu, naye ni Vuai. Vuai hakuwa na mbele wala nyuma, hakuwa na nyumba wala kizibao cha kuvaa, na tangu Msoma Nyoyo aingie mjini hajapata kumsoma hata mara moja. Watu walimwita mjinga kwa sababu kila alichoambiwa alikishika vilevile kilivyo. Tajiri mmoja alipata kumwajiri, akamwambia asimwamshe mpaka jua litoke. Siku ile mvua ikanyesha toka alfajiri mpaka magharibi, na Vuai akaketi mlangoni akawazuia wageni, wadai na mke wa tajiri, akawaambia jua bado. Alifukuzwa, bila shaka, lakini hakuna aliyeweza kumwonyesha kosa lake.

Vuai alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanakheri, mjane mpika mikate ya kumimina. Wazazi wake walikufa angali mdogo, na bibi huyo alimbeba mgongoni huku akipika, akamlisha, akamvisha, akampiga makofi inapobidi, na hata sasa ukubwani hakuwa na pengine pa kula. Nyumba ya Bi Mwanakheri ilikuwa kuukuu, lakini uani kwake mlikuwa na kisima cha maji matamu, na katika Ndarama visima vingine vyote vilikuwa na chumvi. Msoma Nyoyo alipita pale siku moja akaomba maji ya kunywa. Alikunywa, akatazama kisima, akatazama ua, akashukuru kwa adabu nyingi, akaenda zake.

Basi katika mji ule ilikuwa desturi kwamba aliyempikia Sultani chakula akipeleke barazani mwenyewe, amege na kuonja mbele za watu. Asubuhi moja Bi Mwanakheri alipeleka mikate yake kama siku zote, akamega, akaonja, na kabla hajameza Msoma Nyoyo akafumba macho, akainua mkono, akanena kwamba mwanamke huyu anamwombea Sultani mauti. Bibi akapigwa na butwaa, donge la mkate likiwa bado shavuni. Akasema hapana, hajamwombea. Msoma Nyoyo akawageukia watu akitabasamu, akawauliza kama wameona anavyoficha. Wote wakasema wameona. Bibi akatiwa gerezani, achapwe Ijumaa.

Vuai alipopata habari alikwenda gerezani mbio. Bi Mwanakheri alikuwa mtu mzima, mifupa imekwisha, na kila mtu alijua kwamba mchapaji wa Sultani ni jitu lisilochoka upesi. Hukumu ile haikuwa ya viboko, ilikuwa ya kifo. Bibi akampa mkono katikati ya vyuma vya dirisha, akamwambia asihangaike, aende zake mbali na Ndarama, asije naye akasomwa.

"Nizike kando ya mume wangu," akamwambia, "na kisima usikiuze. Ila ndiyo basi, mwanangu, kisima kimekwisha kuwa si chetu."

Vuai alilia mpaka mlinzi akamwondoa. Alizunguka mji mzima akimwendea kila mtu mwenye cheo, na kila mmoja alimsikiliza amejishika kifua, akamwambia hukumu ni ya haki, huku macho yakisema mengine. Kwa mawaziri alitoka hivyo, kwa Kadhi hakufunguliwa mlango. Akakasirika hasira ambayo hakupata kuijua. Akaona mji mzima unamtazama mwanamke mmoja anauawa kwa ajili ya maji, na wote wanajua, na wote wamefunga mikeka vifuani.

Hata Ijumaa ikawadia. Baraza likajaa. Sultani akaketi na shali yake begani, Msoma Nyoyo kuume kwake, Kadhi kushoto na kikombe chake cha kahawa. Bi Mwanakheri akaletwa, jitu la viboko likakunja mikono ya kanzu. Ndipo Vuai akapenya katikati ya watu, akaanguka miguuni pa Sultani, akaomba ruhusa ya kuuliza neno, kwa kuwa yeye ni mjinga na jambo hili halijamwelea. Sultani akampa ruhusa, maana kuwapa wajinga ruhusa ya kusema kulikuwa kunamfurahisha.

"Maulana, Mungu akuweke," akanena Vuai, "shangazi yangu alikosa kwa mkono au kwa moyo?"

"Kwa moyo."

"Na huyu bwana aliliona kosa hilo kwa hakika, kama tuonavyo sisi kwa macho?"

"Kwa hakika kabisa," akajibu Msoma Nyoyo mwenyewe, bila kuulizwa.

"Basi mbona kosa limetendwa moyoni, na viboko vinapigwa mgongoni? Mgongo wake haukuwaza kitu, Maulana. Ulikuwa umebeba mikate yako. Mtu aliyekosa moyoni achapwe moyoni. Keti hapo ulipo, mchape moyoni mwako mpaka uchoke. Na shahidi tunaye, kwa kuwa yaliyomo moyoni yeye huyaona kwa hakika. Atatuambia viboko vinavyoanguka, nasi tutajua kwamba adhabu imekwisha."

Watu wakainamisha nyuso, mabega yanawacheza. Sultani akakunja uso, akataka kukasirika, lakini akatafuta kosa katika maneno yale asilione. Akamgeukia Msoma Nyoyo, akamwuliza kama jambo hilo analiweza. Sasa angesemaje? Akisema haliwezi, elimu yake imekwisha palepale. Basi akatabasamu, akasema hilo kwake ni dogo, na tena moyo wa Sultani ni mpana na wa wazi, husomeka kuliko nyoyo zote.

Sultani akasema, "Vema. Lakini sikiliza wewe mjinga. Akishuhudia kweli, itakuwa imethibiti mbele ya watu wote kwamba yaliyo moyoni huonekana sawa na yaliyo nje, na hapo shangazi yako atachapwa kwa mkono, nawe utalala kando yake uchapwe pia. Umekubali?"

Vuai akageuka. Alimtazama shangazi yake, naye alikuwa akimtikisia kichwa kwa nguvu, kumwambia kataa, nenda zako. Akasema amekubali. Akaomba mambo mawili tu: kwanza Sultani ajifunike shali yake gubigubi, ili mtu asije akasoma uso halafu akadai amesoma moyo, na pili shahidi aseme kila kitu papo hapo kinapotendeka, maana mwenye kuona hangoji kuambiwa. Sultani akaona ni haki. Akajifunika shali kichwa na mabega, akatulia.

 Msoma Nyoyo akafumba macho, akaweka vidole kwenye kipaji cha uso, akaanza. Akasema sasa Sultani amesimama. Sasa amepokea kiboko. Sasa mwanamke amelazwa chini, anaomba msamaha, na Sultani hamsikilizi kwa kuwa haki haina masikio. Kiboko kimeanguka. Kingine kimeanguka. Alikuwa na ulimi mtamu, mwenyewe akaanza kufurahia hadithi yake, akaipamba: mwanamke anapiga kelele, anakiri njama zake zote, anaitoa nyumba yake kwa hiari, pamoja na kisima.

Vuai alikuwa amepiga magoti. Wakati alipoibuni hila ile ilimwonekania nzuri sana. Sasa aliiona ina tundu kubwa. Kwani ni kitu gani kitakachomzuia Sultani asifanye moyoni kama alivyoambiwa afanye? Akimchapa mwanamke kweli humo ndani, yule tapeli amebahatisha, na shangazi amekufa kwa ujinga wa mtoto aliyemlea. Alichokuwa nacho ni tumaini moja bovu, kwamba moyo wa mtu, hata wa mfalme, hautulii mahali ulipotumwa. Akaanza kusoma dua, akasahau katikati, akaanza tena.

Mara shali ya Sultani ikaanza kutikisika. Ilitikisika kidogo, kisha sana, mabega yakipanda na kushuka, na ndani yake ikatoka sauti ya mtu anayejizuia. Watu wakatazamana. Msoma Nyoyo akafumbua jicho moja, akaona, akalifumba tena upesi.

"Sasa Maulana analia," akanena kwa sauti ya huruma. "Moyo wake mwema unamsikitikia mwanamke. Lakini mkono wake haulegei. Naam, viboko vizuri, viboko vya haki. Mwenyezi Mungu aubariki mkono huo, Maulana. Ongeza. Ongeza kimoja tena."

Hapo Sultani hakuweza tena. Akaivua shali, na uso wake ulikuwa umelowa machozi kweli, lakini ya kicheko. Akacheka akashika mbavu, akataka kusema akashindwa, akaletewa maji akapaliwa nayo. Alipopata pumzi akamwelekezea kidole Msoma Nyoyo.

"Zubeiri," akasema, "mwanamke yule sikumgusa. Nilimlaza chini nikitaka kumpiga, nikamwonea haya, ni mzee kama mama yangu. Basi nikatafuta mwingine. Tangu kiboko cha kwanza mpaka cha mwisho nilikuwa nakuchapa wewe. Nimekuwa na hamu hiyo tangu mwezi ule ulipokuja mjini, nikaogopa hata kuiwaza usije ukaiona. Leo nimepewa ruhusa. Nilikuvua kilemba, nikakulaza, nikakuchapa, nawe umeketi hapo unaubariki mkono wangu na kuniomba niongeze."

Msoma Nyoyo akabadilika rangi. Lakini mtu aliyezoea kutokukosea hanyamazi upesi. Akasema kwamba yapo mambo moyoni ambayo hata mwenye moyo hayajui, na kwamba huenda Sultani alidhani anamchapa yeye, kumbe ndani zaidi alikuwa akimchapa mwanamke. Maneno hayo aliwahi kuyasema kwa watu wengi, na wote walichapwa. Sultani akamwuliza polepole, "Unaniambia mbele ya watu wangu kwamba mimi sijui ninayemchapa?" Bwana yule akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie Ndarama hakikutoka kitu.

Ndipo kicheko kikalipuka barazani. Na nani aliyecheka kwa sauti kuu kuliko wote? Kadhi. Alikiweka chini kikombe chake, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alimshuku mtu huyu, na kwamba kitabuni imo hoja ya kumbatilisha. Mawaziri nao wakasema walimshuku, kila mmoja kabla ya mwenziwe. Walikuwa mashujaa sana siku ile, maadamu hatari imekwisha.

Jitu la viboko likasogea, likidhani limepata kazi. Lakini Sultani alimwuliza Vuai mtu huyu afanywe nini, na Vuai akasema ameshachapwa, tena na Sultani mwenyewe, na hukumu moja haipigwi mara mbili. Aondoke tu na alichokuja nacho. Basi Zubeiri Maktumu akatolewa nje ya mji na kilemba chake, na nyumba zote zikarudishwa kwa wenyewe. Mpiga mbiu akapita njia zote akitangaza kwamba tangu leo wazo la mtu si kosa. Vuai alipewa kanzu mpya, na ruhusa ya kula jikoni kwa Sultani maisha yake yote, naye akaitumia ruhusa hiyo bila kuona haya.

Lakini maradhi ya muda mrefu hayatoki kwa siku moja. Kabla baraza halijavunjika Sultani akamwita Bi Mwanakheri, akamfungua kamba kwa mikono yake, na huku bado anatabasamu akamwuliza, kwa kuwa sasa hakuna adhabu, amwambie kweli: asubuhi ile alipoleta mikate, alimwombea mauti au hakumwombea?

"Asubuhi ile, Maulana," akajibu Bi Mwanakheri, "nilikuwa nawaza kama mikate imeiva katikati. Sikuwa na habari nawe kabisa. Lakini tangu uliponitia gerezani, nimekuombea mauti kila nilipoinua mikono."

Tabasamu likamtoka Sultani. Akawatazama watu barazani mmoja mmoja, wenye vizibao viwili na wenye mikeka, na kila aliyemtazama aliinamisha macho. Kwa miaka yote alikuwa akitaka kujua watu wanamwazia nini, na sasa alijua, bila kusomewa na mtu. Akashuka kwenye kiti chake, akasimama chini mbele ya mpika mikate, akamwomba radhi. Watu wakangoja, maana Sultani akiomba radhi jibu lake hujulikana.

Bi Mwanakheri akakunja kanga yake, akamshika mkono Vuai.

"Nitafikiri," akasema. "Na nitakayoyafikiri ni yangu."

Akaenda zake kupika, na Sultani akabaki amesimama palepale. Nami mzigo wa hekaya hii naushusha hapa. Aliyeipenda aichukue akawasimulie wenziwe, na aliyeichukia aichukie moyoni kadiri apendavyo, hapana wa kumchapa.